Maneno ya Kiingereza na Matumizi Yake: Kuingia kama Tishari

Kuna usemi wa Kiingereza ambao makarani wengi wameukuta katika barua, katika magazeti na katika vitabu vya hadithi, nao ni "to barge in". Msomaji aliye na kamusi ndogo hutafuta neno "barge", akaambiwa kwamba maana yake ni tishari. Hapo hushangaa. Amesoma kwamba mtu fulani "barged into the room", na chumba chenyewe kiko ghorofani, mbali kabisa na bahari. Tishari limefikaje huko juu? Wengine hukata shauri kwamba neno hilo halina maana yake yoyote, ni njia nyingine tu ya kusema "aliingia", nao hulitumia vivyo hivyo katika barua zao za kazi. Kosa hilo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa la kwanza humchekesha msomaji, na la pili laweza kumharibia mtu jina.

Mkazi wa Likoni amekaa mahali pazuri pa kulitegua fumbo hili. Jina la mji wake lenyewe ni jina la mahali pa kuingilia, maana liko ni mahali pwani ambapo vyombo hufikia na watu hushuka. Akisimama hapo ufukoni huona maji membamba yatenganishayo bara na kisiwa cha Mvita, na kila meli iendayo Kilindini hapana budi ipite mbele ya macho yake. Wazee wake waliyaona matishari kwa wingi. Kabla ya meli kuanza kufunga kwenye gati za maji marefu za Kilindini mwaka 1926, meli kubwa zilitia nanga mbali kidogo na nchi kavu, shehena ikateremshwa katika matishari, nayo yakaileta pwani. Hata baada ya mwaka huo matishari hayakwisha mara moja.

Tishari ni chombo kipana chenye tako bapa, kilichoundwa kwa ajili ya mzigo mzito na wala si kwa ajili ya mwendo. Mengi hayana tanga wala mtambo; huvutwa na stima ndogo, au husukumwa kwa upondo penye maji machache. Likiwa tupu halina taabu. Lakini tishari lililojaa saruji au magunia ya mchele, likishaanza kwenda, halisimami kwa sababu mtu amepiga kelele "simama". Huendelea kwa uzito wake. Likifika gatini hugonga gati. Likikuta mashua njiani huigonga, na itakayopasuka ni mashua. Nahodha wa jahazi akiona upepo u mbele yake hubisha, akaenda upande huu na upande huu mpaka apate njia. Tishari halijui kubisha. Na ni jambo la kupendeza katika Kiswahili kwamba neno hilohilo la mabaharia ndilo litumiwalo mlangoni, kwa maana mgeni naye hubisha hodi.

Basi Waingereza walilitazama tishari katika mito na bandari zao, wakalifananisha na mtu wa namna fulani. Neno lenyewe, kama jina la chombo, ni la zamani sana katika lugha yao, nao walilipokea kutoka Kifaransa cha kale. Wafalme wao pia walikuwa na vyombo vya fahari vilivyopakwa dhahabu, navyo viliitwa kwa jina hilo. Lakini usemi huu haukutoka kwenye vyombo vile vya wafalme. Umetoka kwenye matishari ya mizigo. Katika mchezo wa mpira husema hivyo juu ya mchezaji amsukumaye mwenziwe kwa bega, na mwanzoni mwa karne ya 20 usemi wa kuingia mahali kwa namna hiyo ulikuwa umeshaenea katika mazungumzo yao na katika vitabu vyao.

Maana yake ni kuingia kwa kishindo mahali palipo na watu, bila kuomba ruhusa na bila kuangalia kama watu hao wana shughuli. Msomaji aangalie vizuri kilichomo na kisichokuwamo. Kilichomo ni uzito, haraka na kutotazama. Kisichokuwamo ni uovu. Tishari haliichukii mashua lililoipasua. Halikuiona tu, au liliiona likashindwa kusimama. Mtu wa namna hii huenda ana habari njema, au ana hofu kwa sababu mtoto wake ni mgonjwa, au ni mtu mpole sana ambaye hakufundishwa adabu za mahali pale. Mwingereza amwambiaye rafiki yake maneno haya huenda anacheka.

Kiswahili kina maneno mengi ya kuingia vibaya, na kila moja lina mahali pake. Mvamizi huingia kwa nguvu na nia mbaya, na akishavamia huitwa polisi. Mwenye kuzamia huingia kwa siri, kama yule ajifichaye melini ili asafiri bila nauli, au aingiaye arusini bila kualikwa. Mdoezi huja kwa ajili ya chakula, naye hujua saa ya kupakuliwa kuliko mwenye nyumba. Mwenye kujipenyeza hupita palipo pembamba, polepole, mpaka watu washtuke kumwona yumo. Hakuna hata mmoja katika hawa aliye tishari. Mzamiaji na mwenye kujipenyeza ni kinyume chake kabisa, kwa kuwa wao hawataki kuonekana, na tishari huonekana na kusikika tangu mbali. Neno lililo karibu zaidi ni kujitoma. Mtu aliyejitoma chumbani ameingia ghafula, kwa mwili wake wote, wala hakungoja. Mwenye kutafsiri akiandika "alijitoma ndani" hatakuwa amekosea sana. Akitaka kuwa mwangalifu zaidi aandike "aliingia kwa kishindo bila hodi".

Katika kuutumia usemi huu yafaa kutofautisha maneno madogo yafuatayo kitendo, maana ndiyo yawashindayo wanafunzi. "He barged in" husemwa bila kutaja mahali, kwa kuwa mahali pamekwisha kujulikana. "He barged into the office" hutaja mahali palipoingiliwa. "He barged in on the meeting" hutaja watu au shughuli iliyokatizwa, na hapo lawama huzidi kidogo, maana sasa kuna waliosumbuliwa. Lakini "he barged into the clerk" ni jambo jingine kabisa: hapo karani hakuingiliwa chumbani, bali alipigwa kikumbo. Usemi hutumika pia palipo na mazungumzo tu bila mlango wowote. Watu wawili wanazungumza, wa tatu akadakia maneno yao kabla hawajamaliza. Naye husemwa kwamba "barged in". Tena mtu huweza kujisemea mwenyewe kwa kuomba radhi: "Sorry to barge in". Hayo ni maneno ya adabu, na aliyeyasema huwa amesimama mlangoni akingoja. Kwa kuyasema tu ameacha kuwa tishari.

Waingereza wana usemi mwingine uliotoka katika chombo hichohicho. Mtu asiyetaka kabisa kulikaribia jambo husema kwamba hataligusa hata kwa upondo wa tishari, yaani "with a barge-pole". Upondo huo ni mrefu, na aliyeushika yu mbali na kitu anachokisukuma.

Likoni ina mahali pengine pa kupimia usemi huu, napo ni kivuko. Feri huenda na kurudi kati ya bara na kisiwa mchana na usiku, nayo hupanga safari zake kwa kuziangalia meli kubwa, maana meli ya shehena ikiingia mlango wa bandari haiwezi kufunga breki kama motakaa. Feri ndiyo hungoja. Hata hivyo meli hiyo kubwa haikujitoma bandarini. Imekwisha kumngoja rubani wa bandari kule nje na kumpandisha melini. Kwa desturi ya mabaharia wa mataifa yote, chombo kitokacho nchi nyingine hutweka bendera ya manjano, maana yake ni kwamba watu waliomo ni wazima na kwamba chombo chaomba ruhusa ya kuingia. Hodi ya meli ni kitambaa. Siku hizi maombi hayo hupelekwa pia kwa redio na kwa maandishi mapema, lakini maana ya bendera haikubadilika. Hivyo chombo kizito kuliko vyote vipitavyo Likoni huingia kwa adabu kuliko vyote.

Abiria je? Asubuhi, watu wa Likoni waendapo kazini kisiwani, umati hushuka kwenye mteremko wa kivuko kwa pamoja, na mwenye kukanyagwa mguu huweza kusema kwa Kiingereza kwamba fulani "barged past" yeye, nalo ni neno la haki kama fulani kweli alisukuma. Lakini usemi huu una mpaka. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyotoka Mtongwe, karibu na Likoni, kwenda kisiwani ilipinduka asubuhi, nao watu 272 wakafa maji. Ilikuwa imebeba watu kupita kadiri yake. Wengi wao walikuwa wakienda kazini kama siku nyingine yoyote. Mtu akiandika habari ile kwa Kiingereza akasema kwamba abiria wale "barged onto the ferry", ameandika vibaya, tena amewadhulumu marehemu. Neno hili humhusu mtu mmoja na mwenendo wake. Haliwezi kubeba jambo la watu mia nne wenye chombo kimoja na saa moja ya kufika kazini. Penye umati wa namna hiyo anayetakiwa ni mwenye mamlaka ya kusema "subirini", na swali la kuulizwa ni la mwenye mlango kabla ya kuwa la mwenye kuingia. Kwa umati ulioshurutishwa na haja, Kiingereza kina maneno mengine, kama "crowded onto", ambayo hueleza msongamano bila kumshtaki mtu.

Sasa yaja jambo ambalo kwa ajili yake usemi huu wastahili kujulikana sana na makarani. Kusema kwamba mtu ameingia bila ruhusa ni kusema pia kwamba ruhusa haikuombwa. Lakini ruhusa huombwa namna nyingi, na asiyeijua namna moja hudhani haikuombwa kabisa.

Katika nyumba za Likoni mgeni hasogei mpaka mlangoni kimyakimya. Huanza kuita angali nje: "Hodi! Hodi wenyewe!" Sauti ndiyo ibishayo, na mkono mara nyingi haugusi mbao. Mlango waweza kuwa wazi kabisa, na mgeni akawaona watu waliomo, lakini bado husimama akaita. Akiitikiwa "Karibu", huingia. Mwenyeji akitaka kuinuka, mgeni humwambia "Starehe", yaani asijisumbue kwa ajili yake. Asipoitikiwa huita tena, na mara ya tatu ikipita bila jibu huondoka, wala hanung'uniki. Kwa Waislamu wa pwani hii si desturi tu. Qurani, katika Sura ya An-Nur, aya ya 27 na ya 28, yawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu waliomo, tena wakiambiwa warudi, warudi. Jirani zao Wakristo nao hupiga hodi vilevile. Neno hili limeenea Afrika Mashariki mpaka mbali sana na bahari, kwa watu wasiowahi kuliona tishari.

Ofisi zilizopangwa kwa desturi ya Kiingereza zina sheria nyingine. Mlango hufungwa. Anayetaka kuingia huugonga kwa kidole mara mbili au tatu, akangoja kuambiwa "Come in". Haiti jina, wala hapazi sauti, maana kupaza sauti ukumbini huhesabiwa kuwa kelele. Mlango ukiwa wazi, wengi huugonga hata hivyo, ili mkubwa ainue macho.

Na ichukuliwe kwa mfano habari ya mzee mmoja, mkulima wa minazi na mihogo katika bara ya Likoni, ambaye shamba lake lina shauri la mpaka. Amevuka feri alfajiri na karatasi zake katika bahasha. Ameketi barazani mwa ofisi tangu saa mbili, akaona watu wengine wakiitwa. Saa sita ikamkuta palepale. Mlango wa mkubwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto. Mzee akasogea, akaita "Hodi!" mara mbili kwa heshima, kofia mkononi. Mkubwa, ambaye si mtu wa pwani na alikuwa akizungumza katika simu, akainua macho akasema "Yes?" Mzee akaisikia sauti, akaichukua kuwa ndiyo karibu yake, akaingia akaketi.

Karani akaambiwa aandike. Akaandika katika faili kwamba mzee "barged into the office while the officer was on the telephone". Alikwisha kulisoma neno hilo mahali, akalipenda. Baada ya miezi faili ikafika mikononi mwa mtu mwingine, akatakiwa kuitafsiri habari ile kwa Kiswahili mbele ya wazee wa baraza, akasoma: "Alivamia ofisi." Hapo mzee aliyepiga hodi amekwisha kuwa mvamizi, na wazee waliokaa kuamua mpaka wa shamba watamwangalia kwa jicho jingine. Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi. Mkubwa hakuisikia hodi kuwa ni ombi. Karani alichukua neno kwa sababu ya uzuri wake. Mfasiri akalitia uovu ambao halikuwa nao hata katika Kiingereza.

Waulizwe wote watatu, kosa la karani ndilo kubwa, kwa kuwa yeye peke yake alizijua desturi zote mbili. Aliisikia hodi, akajua ni nini. Kazi ya karani wa namna hii si kunakili tu. Yeye ndiye rubani apandaye melini kule nje, ajuaye miamba iliko. Kama angetaka kuandika Kiingereza kilicho sahihi, maneno yalikuwapo tele. "He came in" hueleza kuingia bila kusifu wala kulaumu. "He walked in" ni vivyo hivyo, ila laweza kudokeza kwamba hakungoja. "He called out at the door and came in" hueleza jambo lote lilivyokuwa, hodi na kuingia, na msomaji wa faili akaamua mwenyewe. Neno la tishari lingehifadhiwa kwa siku nyingine, pengine kwa kijana yule ambaye alipita baraza zima lililojaa wazee waliongoja, hakuita wala hakugonga, akausukuma mlango uliofungwa, akaanza kusema kabla hajafika mezani. Huyo hata Mwingereza na mtu wa Likoni wangekubaliana juu yake.

Tena mkubwa naye angeweza kuambiwa, kwa upole, kwamba sauti ile aisikiayo mlangoni si kelele za ukumbini. Ni kugonga mlango kwa kinywa, na jibu lake ni neno moja. Asiyetaka mgeni wakati ule husema "Subiri kidogo, mzee", na mzee hurudi barazani bila chuki, maana hodi yake imejibiwa.

Kwa barua zenyewe, mwenye kuandikia ofisi ambaye hakutangulia kuomba siku ya kuonana, na ambaye ataka kutaja kwamba alifika ghafula wiki iliyopita, aweza kuandika: "I am sorry that I barged in on you last week." Maana yake kwa Kiswahili ni: "Niwie radhi kwa kukuingilia wiki iliyopita bila taarifa." Maneno hayo humfaa mwenye kuingia ajisemee mwenyewe. Karani asimwandikie mwingine mpaka awe amesimama karibu na mlango, akasikia kama hodi ilipigwa.